Mzee mwenye mguu wa bandia anapoyumba au kuanguka: dalili, visababishi na hatua za kuchukua

Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, mzee aliyekatwa mguu anapoanza kuyumba, jibu analopewa nyumbani kwa kawaida ni umri. "Bibi, pumzika tu barazani, umri umekwenda." Maneno hayo husemwa kwa upendo, lakini mara nyingi huchelewesha matengenezo. Umri una sehemu yake, kwa kuwa misuli hupungua na macho hufifia. Hata hivyo malalamiko yanayorudiwa sana na wazee hawa yana chanzo kinachoweza kuonekana na kushikwa kwa mkono, kama vile soksi, kiatu, ngozi, nati, dawa au maji ya kunywa. Mzee anayeketishwa barazani kwa miezi mitatu kwa sababu ya soksi iliyopungua atainuka akiwa dhaifu kweli, na hapo ndipo lile jibu la umri litakapoonekana kuwa lilikuwa sahihi.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili kisababishi kinachotokea mara nyingi kimetangulia. Unawahusu hasa waliokatwa mguu mmoja chini ya goti. Waliokatwa juu ya goti wametajwa pale hali yao inapotofautiana. Kigutu ni sehemu ya mguu iliyobaki, soketi ni kile kikombe cha plastiki ambamo kigutu huingia, na mguu mzima ni ule usiokatwa.

Hali ambazo hazisubiri ukaguzi wa nyumbani

Usianze kukagua soksi wala kiatu ikiwa mzee amepinda mdomo ghafla, ameshindwa kuinua mkono mmoja au maneno yake yamevurugika, kwa sababu hizo ni dalili za kiharusi. Vilevile mpeleke hospitali mara moja akiwa na maumivu ya kifua, amezimia, au ameangukia kichwa, hasa anapotumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata kama anasema hajambo. Akianguka kisha akashindwa kukanyaga, akalalamika nyonga au kinena, na mguu wake mzima ukaonekana mfupi au umegeukia nje, usimsimamishe na usimpakie kwenye bodaboda; tafuteni gari ambalo atalazwa. Kigutu kilichovimba ghafla, chenye joto, usaha, harufu au ngozi iliyobadilika kuwa nyeusi kinahitaji daktari siku hiyo hiyo, na mguu wa bandia usivaliwe mpaka aseme uvaliwe.

Mguu unacheza ndani ya soketi, hasa kuanzia mchana

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi. Mzee anavaa mguu asubuhi ukiwa umemkaa vizuri, kisha kufikia adhuhuri kigutu kinapanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu, na kila hatua ina mshtuko mdogo unaomfanya asite kukanyaga.

Kisababishi kikuu ni kigutu chenyewe kupungua ukubwa. Uzito wa mwili unapokibana ndani ya soketi, majimaji yaliyomo kwenye nyama husukumwa kutoka, na kigutu cha jioni huwa chembamba kuliko cha asubuhi. Joto la pwani, kutokunywa maji ya kutosha, vidonge vya kukojoa anavyopewa mwenye shinikizo la damu au moyo, na mfungo wa Ramadhani huongeza kasi ya jambo hilo. Katika miezi ya kwanza baada ya kukatwa, kigutu husinyaa kwa kiasi kikubwa zaidi, na soketi ya kwanza karibu kila mara huwa kubwa kabla mtu hajaizoea.

Kagua hivi. Mzee aketi, avue mguu, aongeze soksi moja nyembamba ya pamba, avae tena na kutembea hatua chache ukutani. Ikiwa bado unacheza, ongeza nyingine nyembamba, moja baada ya moja, badala ya kurukia soksi nene. Kwa soketi ya chini ya goti inayobeba uzito kwenye kano iliyo chini ya kifuniko cha goti, alama nzuri ni kifuniko chenyewe: kikizama ndani ya ukingo wa mbele, na ncha ya kigutu ikauma, soksi ni chache; kikipanda juu sana, na mguu wa bandia ukaonekana mrefu kuliko mwenzake, soksi zimezidi. Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wa viungo bandia hukifanya kwa udongo laini na nyumbani kinaweza kufanywa kwa unga wa ngano uliokandwa. Finyanga kidonge chenye ukubwa wa punje ya korosho, kifunge kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, kiweke chini kabisa ndani ya soketi, kisha mzee avae na asimame kwa kushikilia meza. Kikitoka kimepondeka na kuwa bapa kabisa, kigutu kinagonga chini, na soksi ziongezwe. Kikitoka kama kilivyoingia, kigutu hakifiki chini, na yamkini soksi ni nyingi mno au kigutu kimevimba.

Soksi isiwe na mshono unaokaa kwenye ncha, wala isikunjwe kujaza nafasi, kwa sababu mkunjo mmoja hutosha kutoboa ngozi ya mzee mwenye kisukari bila yeye kuhisi. Siku ya kwenda mbali, yaani kliniki, sokoni au msibani, soksi moja ya akiba iwekwe mfukoni.

Kisababishi cha pili ni kinachoshikilia mguu: mkanda uliolegea au kukatika, au soksi ya silikoni iliyochakaa kwa wale wanaotumia yenye pini ya chini inayojifunga ndani ya soketi. Mkanda wa juu ya goti unaweza kushonwa upya na fundi viatu kwa upana na urefu ule ule. Pini isiyotoa mlio wa kujifunga haijajifunga, na mzee asisimame nayo.

Simama hapa na umtafute mtaalamu ikiwa zinahitajika soksi nene tatu au zaidi ili mguu ukae, au ikiwa soksi zilizotosha mwezi uliopita hazitoshi tena. Hapo soketi yenyewe imekuwa kubwa. Usijaze sponji, kitambaa cha kanga wala gundi ndani yake, na usiruhusu mtu aipashe moto ili kuibana. Plastiki hiyo hulainika kwa joto, lakini ikipoteza umbo lake haitarudi kwa kubahatisha.

Asubuhi mguu hauingii

Kinyume cha hayo, kigutu kimevimba. Mara nyingi ni kwa sababu mzee alilala bila kukifunga bendeji ya kunyumbulika au soksi ya kubana, au alikaa siku mbili bila kuvaa mguu. Apunguze soksi, alale akiwa amenyoosha goti kwa nusu saa, kisha ajaribu tena. Asilazimishe, na wajukuu wasisukume. Ikiwa mguu mzima nao umevimba, uso umejaa asubuhi, au anahema akilala chali, yamkini tatizo liko moyoni au kwenye figo na si la fundi.

Anaanguka nyuma akiwa ndani ya nyumba au msikitini, lakini barabarani hana shida

Dalili hii hushangaza familia nyingi, na ningependa isomwe kwa makini kwa sababu ukanda wetu una mazoea ambayo watengenezaji wengi wa nyayo za bandia hawakuyafikiria.

Unyayo wa bandia hupangwa ukiwa ndani ya kiatu, na kiatu hicho kina kisigino chenye kimo fulani. Kifundo cha kawaida cha miguu hii hakijirekebishi. Mzee akivua kiatu mlangoni, kisigino kinashuka, bomba linalounganisha soketi na unyayo linalala kuelekea nyuma, na goti linasukumwa nyuma. Yeye husema anahisi kama anapanda kilima huku akivutwa mgongoni. Akisimama kwenye saruji iliyolowa baada ya kutawadha, na unyayo wa bandia haushiki sakafu kama ngozi inavyoshika, kuanguka ni suala la muda. Kinyume chake, akinunua mtumbani viatu vyenye kisigino kirefu kuliko vya awali, bomba linalala mbele, goti linataka kukunjika, na huhisi kama anateremka hata kwenye njia tambarare.

Weka kile kiatu alichopimiwa mguu kando ya kile anachokivaa sasa, na linganisha kisigino na sehemu ya mbele. Tofauti ya sentimita moja inatosha kumwangusha mtu wa miaka 70. Kandambili zina hatari ya ziada, kwa sababu vidole vya bandia haviwezi kukaza kamba yake, na hukokotwa mpaka zinajikunja chini.

Suluhisho rahisi ni jozi ya viatu vya ndani, safi, visivyotoka nje, vyenye kisigino cha kimo kile kile na kamba au mkanda wa nyuma. Kwa msikitini, viatu hivyo vibebwe kwenye mfuko na vivaliwe baada ya kutawadha, au soli yake ipanguswe mbele ya watu ili isizuke dhana mbaya. Maimamu wengi wakielezwa huelewa, na mwenye udhuru wa mwili anaweza kuswali akiwa ameketi kitini. Aketi wakati wa kutawadha. Wapo wazee wanaokaa pekupeku sehemu kubwa ya siku, na kwao suluhisho la kweli ni kumwambia mtaalamu hivyo kabla mguu haujapangwa, ili aupange kwa kimo cha pekupeku au atoe unyayo unaofaa. Mzee asipoulizwa hasemi, na mtaalamu asiyeambiwa atapanga kwa raba aliyoiona siku hiyo.

Mtu wa nyumbani asiweke kabari chini ya unyayo wala kuzungusha zile skrubu ndogo zinazozunguka kiungio cha bomba. Skrubu hizo huonekana kana kwamba zinakaza tu, ilhali ndizo zinazoamua mguu uelekee wapi.

Goti linakunjika lenyewe

Baada ya kuondoa suala la kiatu, kwa aliyekatwa chini ya goti kisababishi cha kawaida ni udhaifu wa misuli ya paja la mbele. Mwambie aketi kitini na anyooshe goti lenye kigutu huku mguu wa bandia ukining'inia; akishindwa kulinyoosha kabisa, au likitetemeka kabla hujahesabu mpaka 10, misuli haitoshi. Inawezekana pia goti limekakamaa kwa kukaa muda mrefu likiwa limekunjwa. Mto unaowekwa chini ya goti ili mgonjwa apate raha ni chanzo kimoja cha ukakamavu huo, na unapaswa kuondolewa.

Aliyekatwa juu ya goti hukabiliwa na mambo mengine. Wazee wengi hupewa goti lenye kufuli. Kabla ya kuweka uzito, kila mara, asikilize mlio wa kufuli na aubonyeze mguu kuhakikisha haukunjiki. Mchanga na chumvi vikiingia kwenye kufuli hilo, hulia lakini halishiki. Nyonga yake pia huelekea kujikunja mbele kutokana na kukaa, na hapo hulazimika kupinda mgongo ili kusimama. Kulala kifudifudi kwa dakika 20 mara mbili kwa siku huizuia, isipokuwa kama ana tatizo la moyo au pumzi. Basi aulize kwanza.

Goti likikunjika zaidi ya mara moja na hakuna kati ya hayo kilichoonekana, mzee atumie magongo au fremu mpaka aonwe. Asijaribu "kulizoea".

Kizunguzungu anapoinuka

Hapa mguu mara nyingi hauna kosa. Kushuka kwa shinikizo la damu mtu anaposimama ndiko kunakoongoza, na huletwa na dawa za shinikizo, vidonge vya kukojoa, dawa za tezi dume, upungufu wa maji, au kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu. Kituo cha afya kinaweza kupima kwa urahisi: shinikizo akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu za kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari anapaswa kupitia dawa zake zote. Mzee asiache dawa kwa uamuzi wake, na jirani asimwazime zake. Nyumbani, akae ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, akunje na kukunjua kifundo cha mguu mzima mara kadhaa, ndipo asimame.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, akitoka jasho la ghafla, akitetemeka, au akianza kujibu mambo yasiyoulizwa, huenda sukari imeshuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo. Ikiwa anaweza kumeza, apewe maji ya sukari au soda yenye sukari mara moja, kisha chakula. Ikiwa hawezi kumeza, asipewe kitu mdomoni na akimbizwe hospitali. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, mazungumzo kuhusu kufunga na daktari yafanyike wiki kadhaa mapema, yahusishe dozi na saa za dawa.

Kizunguzungu cha chumba kuzunguka anapogeuza kichwa kitandani mara nyingi ni tatizo la sikio la ndani. Kinatibika kwa mtaalamu, hivyo kisiitwe presha bila kupimwa.

Anaanguka usiku

Mtu aliyekatwa mguu huendelea kuuhisi. Anapoamka na usingizi machoni ili aende haja ndogo, ubongo humwambia kwamba miguu yote miwili ipo, naye hukanyaga hewa. Huyu si mzee aliyechanganyikiwa, na asisemwe hivyo. Magongo yasimamishwe upande ule ule anaoshukia kitandani, mahali ambapo mkono utayagusa kabla ya mwili kuinuka. Kopo la haja ndogo liwe karibu. Na taa ndogo ya sola iwake mpaka asubuhi, maana choo cha uani na umeme uliokatika havipatani na mtu wa mguu mmoja. Chandarua kilichochomekwa vibaya humnasa kisigino mtu anayeshuka kwa haraka, jambo dogo ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Anachechemea kwa maumivu, na ngozi imebadilika

Mtu anayekwepa kukanyaga kwa sababu ya maumivu lazima ayumbe, kwa hiyo ngozi ni sehemu ya usawa wa mwili. Akivua mguu jioni, kitazame kigutu pande zote, na utumie kioo kwa nyuma. Alama ya mbano inayopotea ndani ya dakika kumi hivi ni ya kawaida. Ikidumu, au ikiwa juu ya mfupa uliochomoza, punguza saa za kuvaa na urudi kwenye suala la soksi. Kwa ngozi ya watu weusi, wekundu hauonekani vizuri. Gusa uone penye joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, na utazame weusi uliokolea kuliko ngozi inayouzunguka.

Jasho ndilo adui wa kila siku, hasa kuanzia Novemba joto linapoungana na unyevu. Kigutu kioshwe jioni kwa maji na sabuni laini, kikaushwe kabisa, na soketi ipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa kisha ikauke kivulini. Mafuta ya nazi yapakwe usiku na si asubuhi kabla ya kuvaa, kwa sababu hulainisha ngozi na kuifanya iteleze ndani ya soketi. Nywele za kigutu zisinyolewe.

Wakulima wa korosho wana mambo mawili ya ziada. Vumbi la salfa inayopulizwa mikoroshoni kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga huingia juu ya ukingo wa soketi, na likichanganyika na jasho huwasha ngozi iliyobanwa. Mzee akae mbali na upande linakopepea, na abadilishe soksi akirudi. Mafuta ya ganda la korosho nayo huunguza, hivyo mikono iliyobangua isishike kigutu wala soksi kabla ya kuoshwa vizuri.

Kidonda kilicho wazi kikitokea, mguu haufai kuvaliwa mpaka kipone. Familia nyingi hubandika plasta na kuendelea, kwa kuwa msimu hausubiri. Lakini kwa mwenye kisukari au mishipa iliyoziba, kidonda hicho ndicho kinachoweza kumrudisha chumba cha upasuaji akatwe juu zaidi. Ukaguzi uhusishe unyayo wa mguu mzima pia, kila siku, kwa sababu sasa unabeba kazi ya miwili.

Mguu unalia, au unazunguka

Mlio wa hewa ni kulegea kwa soketi. Mlio wa kukwaruza ni mchanga au nati. Ufa kwenye plastiki, hata mwembamba kama unywele, ni sababu ya kuacha kuuvaa hapo hapo, kwa maana ufa hauvunjiki pole pole; husubiri uzito wote uwe juu yake. Aliyeenda ufukoni maji yakiwa yamekupwa asuuze sehemu za chuma kwa maji yasiyo na chumvi na kuzikausha, kwani chumvi hula bolti kimyakimya. Fundi baiskeli anaweza kukaza nati kuu iliyolegea ya unyayo baada ya alama ya kalamu kuwekwa kuonyesha vidole vilielekea wapi. Zaidi ya hapo asiguse. Na anayepanda bodaboda akumbuke bomba la moshi, kwa sababu mguu usiohisi hauwezi kumwonya kwamba unayeyuka.

Hawezi kuinuka kitini, mkekani au chooni kama zamani

Mara nyingi amepoteza nguvu kwa kutotembea, na hilo hurudi kwa mazoezi. Kiti imara kiegemezwe ukutani. Mzee ainuke na kuketi mara tano bila haraka, apumzike, arudie, mara tatu kwa siku, kwanza akisukuma kwa mikono, baadaye bila mikono. Kisha asimame akitazama ukuta, vidole vikigusa tu, na kuhamisha uzito polepole kutoka mguu mzima kwenda wa bandia. Wengi hawauamini mguu wa bandia na huupa robo tu ya uzito. Hapo ndipo usawa unapopotelea. Mtu awe nyuma yake, akishika mkanda wa kiunoni. Asivutwe mkono.

Chooni, tundu la kuchuchumaa ni hatari kubwa kwake. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kukaa juu ya tundu, chenye miguu minne isiyoyumba, kinaweza kutengenezwa na seremala yeyote kwa bei ndogo kuliko nauli ya rufaa moja. Ngazi hupandwa kwa mguu mzima kwanza na hushukwa kwa wa bandia kwanza. Fimbo hushikwa mkono ulio upande wa mguu mzima, na kichwa chake kiwe usawa wa kifundo cha mkono unapoachwa uning'inie, viatu vikiwa vimevaliwa. Mkongojo wa mti bila mpira chini huteleza kwenye saruji. Kipande cha tairi kilichofungwa kwa waya hutosha. Kwenye mchanga mzito na majani makavu ya mkorosho, fimbo moja haitoshi, na ni afadhali magongo mawili kuliko ujasiri.

Kuna kipimo ambacho mfiziotherapia (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) hukitumia na familia inaweza kukifanya kwa saa ya simu: mzee ainuke kitini, atembee mita tatu, ageuke, arudi na kuketi. Kwa aliyekatwa chini ya goti, sekunde 19 au zaidi huhesabiwa kuwa dalili ya mtu aliye katika hatari ya kuanguka mara kwa mara. Andika namba kila mwezi. Ikipanda ghafla bila sababu, usingoje aanguke.

Akianguka bila kuumia, asiinuliwe juu juu. Apumue, ajigeuze ubavu, ajisogeze mpaka kwenye kiti au kitanda, aweke mikono juu yake, apige goti, kisha asukume kwa mguu mzima. Zoezi hilo lijifunzwe siku ambayo hajaanguka.

Kumfikia mtaalamu

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Sokoine kwa Lindi au Ligula kwa Mtwara, ambako utauliza dirisha la wazee na idara ya fiziotherapia. Kwa Mtwara ipo pia hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mitengo. Uliza kwa simu au kwa mtu anayekwenda kama mtaalamu wa viungo bandia yupo wiki hiyo, kabla ya kumtoa mzee Liwale au Newala. Mtaalamu huyu ni mwenye mafunzo ya kazi hiyo, kama yanayotolewa na chuo cha TATCOT pale Moshi tangu mwaka 1981. Fundi wa plastiki wa mjini si mbadala wake. Rufaa ikifika Dar es Salaam, kutoka Mtwara mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na marekebisho yanayofanyika bila taarifa kamili humrudisha mzee na tatizo lile lile.

Kwa hiyo aende akiwa na viatu vyote anavyovivaa, vya ndani na vya nje, soksi zote hata zilizochakaa, dawa zote katika pakiti zake, na karatasi inayosema ni saa ngapi huyumba, huangukia upande gani, soksi ngapi asubuhi na ngapi jioni. Avae mguu huo njiani ikiwa ngozi inaruhusu, ili alama za mbano zionekane akivua mbele ya mtaalamu. Na kabla ya kuondoka pale, atembee akiwa amevaa kiatu, kisha pekupeku, juu ya sakafu ile ile, mtaalamu akitazama.